Mtandao Haupo: Haupo Wapi?

Ukiishi Pemba huchelewi kuambiwa: "Mtandao haupo, njoo kesho." Utaambiwa Wete, utaambiwa Chake, utaambiwa Mkoani. Anayekwambia hana nia mbaya. Kwenye kioo cha kompyuta yake kuna duara linazunguka na halimalizi kuzunguka, na hakuna aliyemfundisha kufanya lolote zaidi ya kusubiri. Lakini aliyesimama upande wa pili wa dirisha pengine ni mama aliyevuka kutoka Kojani kwa mashua asubuhi, akapanda gari hadi Wete, kaacha kazi zake, na nauli ya kesho hana. Kwake yeye maneno hayo ni siku nzima iliyopotea.

Kazi yangu ni ufundi wa mitandao. Navuta waya, nafunga ruta, napanda mapaa kuelekeza antena. Na kuna jambo nalisema kila ninapokwenda: sentensi ile haijakamilika. Mtandao haupo wapi? Kati ya kompyuta ya karani na seva anayoitafuta, yaani kompyuta ya mbali inayotoa huduma, kuna waya wa ukutani, kuna swichi inayokusanya nyaya za jengo, kuna ruta inayoliunganisha jengo na nje, kuna mnara au mkongo, kuna bahari, kuna vituo vya Unguja na Dar es Salaam, na wakati mwingine kuna nchi kadhaa mbele yake. Ni nadra vyote hivyo kufa kwa pamoja. Aghalabu kimekufa kimoja, na mara nyingi kilichokufa kimo chumbani humo humo na kinatengenezeka kabla chai haijapoa. Swali la "wapi" lina chombo chake, nacho kimeshawekwa ndani ya karibu kila kompyuta, hakinunuliwi wala hakipakuliwi. Ni amri ya ping.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows, andika cmd, kisha Enter. Litafunguka dirisha jeusi ambalo wengi wanaliogopa. Andika ping, ruka nafasi, andika anwani ya mashine unayoitafuta, kisha Enter tena. Windows itatuma pakiti nne, yaani vifurushi vidogo vya data, na kukuonesha majibu manne. Linux na Mac hutuma bila kukoma mpaka uzikatize kwa Ctrl na C. Ukitaka nne tu andika ping -c 4 kabla ya anwani. Na ukitaka Windows nayo iendelee bila kikomo, ongeza -t. Hata simu ya Android inaweza, ukiweka programu ya Termux. Hakuna kitu utakachoharibu.

Kinachofanyika ni chepesi kukieleza. Kompyuta yako inatuma pakiti ndogo yenye ombi moja: irudishwe. Mashine ya upande wa pili ikiipata, inarudisha yaliyomo kama yalivyo. Kompyuta yako inahesabu muda tangu ilipotuma mpaka jibu lilipofika. Kanuni yake imo katika waraka RFC 792 wa Septemba 1981, mmoja wa nyaraka zinazoweka kanuni za intaneti, ulioandikwa na Jon Postel, unaoeleza ICMP, itifaki ambayo mashine hutumia kupeana taarifa za hali ya njia: ujumbe wa aina ya 8 ni ombi la mwangwi, ujumbe wa aina ya 0 ni jibu. Mwaka 1989 waraka mwingine, RFC 1122, ukaweka sharti kwamba kila mashine iliyomo kwenye intaneti iweze kujibu mwangwi huo. Sharti hilo nitalirudia huko mbele, maana wapo wanaolivunja na wanaoumia ni sisi.

Programu yenyewe iliandikwa na Mmarekani, Mike Muuss, Desemba 1983, alipokuwa anafanya kazi katika maabara ya jeshi ya Ballistic Research Laboratory huko Aberdeen, Maryland. Julai ya mwaka huo, kwenye mkutano nchini Norway, alimsikia mtafiti wa mitandao, Dave Mills, akieleza kwamba pakiti za mwangwi zinaweza kutumika kupima ucheleweshaji wa njia. Wazo likamkaa kichwani. Ilipofika Desemba, akakutana na mtandao uliokuwa na tabia za ajabu, akakaa jioni moja akaandika programu. Jina akalitoa kwenye sauti ya sona, kile chombo cha manowari kinachotuma sauti majini na kusikiliza mwangwi wake. Amesimulia mwenyewe kwamba hata kabla hajatuma pakiti yake ya kwanza, ubovu aliokuwa anautafuta ulikuwa umeshatengenezwa. Programu ikabaki, ikaenea dunia nzima. Muuss alifariki kwa ajali ya gari Novemba 2000. Ninapofundisha vijana humtaja kwa jina, kwa sababu nataka wajue kwamba chombo hiki kilitoka mikononi mwa fundi aliyekuwa na shida ileile wanayokutana nayo wao, katika chumba chenye waya na mashine isiyosema inaumwa nini.

Nguvu yote ya ping imo katika mpangilio wa kuuliza. Unaanza karibu, unakwenda mbali. Wengi huanzia mbali: wanajaribu ukurasa mmoja wa nje, ukikataa wanapiga simu kwa kampuni. Hapo wamejua kwamba kuna tatizo, jambo ambalo walilijua tangu mwanzo.

Niliitwa skuli moja ya sekondari upande wa Micheweni. Chumba cha kompyuta kimejaa wanafunzi walioambiwa wasubiri, madirisha yako wazi, na nje karafuu zimeanikwa juu ya majamvi hadi ukingoni mwa barabara, harufu yake imejaa mle ndani. Mwalimu wa kompyuta, kijana, akanipokea mlangoni.

"Karibu, fundi. Intaneti imekata tangu juzi. Kampuni nimeshawapigia, wanasema kwao hakuna tatizo."

"Maalim, umejuaje kama imekata?"

"Kurasa hazifunguki. Hata moja."

Nikamwomba akae yeye kwenye kiti, mimi nikasimama nyuma yake. Nilitaka vidole viwe vyake. Tukaanza na 127.0.0.1, ambayo ni anwani ya kompyuta kwa nafsi yake. Pakiti haitoki nje ya mashine. Majibu manne, kila moja chini ya milisekunde 1, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Basi programu za mtandao ndani ya Windows ni nzima. Nikamwambia aandike ipconfig, asome namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Akasoma: 192.168.1.1. Hiyo ndiyo ruta, ile nyeupe iliyo juu ya kabati. Akaipigia ping. Milisekunde 1, 1, 2, 1. Basi waya wa ukutani mzima, swichi nzima, ruta ina umeme na ina akili. Tumeshaondoa nusu ya mambo yanayoweza kuharibika na hatujagusa kitu.

"Sasa 8.8.8.8," nikamwambia. Hiyo ni anwani ya huduma ya majina ya Google, iliyoanzishwa 2009, na mafundi wanaipenda kwa sababu ni nyepesi kukumbuka na ni nadra kukosa jibu. Ikajibu mara nne, haikupotea hata moja.

Akageuka akanitazama. "Mbona intaneti ipo!"

"Ipo. Sasa iulize kwa jina."

Akaandika ping www.google.com. Kompyuta ikanyamaza kidogo, kisha ikasema haikuweza kuipata mashine yenye jina hilo.

Hapo tukafika. Binadamu tunaandika majina, pakiti zinasafiri kwa namba, na katikati kuna seva ya DNS inayogeuza jina kuwa namba. Ndani ya ruta ile kulikuwa na namba ya seva ya DNS ambayo haifanyi kazi tena. Kampuni ilisema kweli, kwao hakukuwa na tatizo. Mwalimu naye alisema kweli, kurasa hazikufunguka. Wakweli wawili wamekaa tangu juzi wanabishana, na skuli haina intaneti. Tukaingia kwenye ruta, tukabadilisha namba moja, na kabla hatujarudi kwenye viti mtoto mmoja wa pembeni akapiga kelele kwamba yake imefunguka.

Ninachokipenda katika kazi ile ni kwamba mwalimu sasa anajua. Sikumwachia mtandao uliotengenezwa tu, nimemwachia na njia ya kuuliza. Nina msimamo kwamba vijana wa skuli zetu wafundishwe hili mapema, kabla hata ya kufundishwa kupamba barua kwa rangi, kwa sababu kijana anayeweza kusema ubovu uko wapi hatishiki mbele ya mashine.

Sasa tuje kwenye majibu yenyewe, maana hapa ndipo watu wanapopoteza faida kubwa. Ping ikishindwa haishindwi kwa namna moja, na Windows inakwambia kwa maneno tofauti ambayo wengi huyasoma yote kuwa "imekataa".

Ukiona "Request timed out", maana yake pakiti imetoka, kompyuta imesubiri sekunde 4, na hakuna kilichorudi. Hujui imeishia wapi. Yawezekana mashine imezimwa. Yawezekana pakiti ilifika salama na jibu likapotea wakati wa kurudi. Yawezekana mashine imeamriwa isijibu. Na kwa huku kwetu, kabla hujabeba ngazi, uliza kwanza kama jengo la pili lina umeme; Tukuza imeisha usiku, hakuna aliyenunua umeme, na antena nzima imekaa juu ya paa bila uhai.

Ukiona "Destination host unreachable", hiyo ni habari bora zaidi, ingawa wengi huiona mbaya zaidi. Safari hii kuna aliyejibu. Tazama namba iliyotangulia katika mstari huo. Ikiwa ni anwani ya kompyuta yako mwenyewe, basi kompyuta yako imetangaza humo ndani ya mtandao wa chumba, ikauliza nani mwenye namba ile, na hakuna aliyesema ni mimi. Usihangaike na kampuni, usihangaike na mnara. Kitu ulichokitafuta hakimo katika mtandao huo, au waya wake umechomoka. Ikiwa namba iliyotangulia ni ya ruta, au ya mashine nyingine ya mbali zaidi, basi pakiti ilifika mpaka hapo na hapo ndipo palipokosekana njia ya kusonga mbele. Umeshaambiwa mahali. Hapo lakini pana mtego. Majibu ya namna hii Windows huyahesabu kuwa pakiti zilizopokelewa, kwa hiyo chini kabisa utasoma kwamba upotevu ni asilimia 0 wakati mashine unayoitafuta haikujibu hata mara moja. Soma mistari yote, usikimbilie jumla.

Kuna pia namba ya TTL mwishoni mwa kila jibu. Kila pakiti inapoanza safari hupewa idadi ya ruta inazoruhusiwa kupita, na kila ruta hupunguza moja, ili pakiti iliyopotea isizunguke milele. Linux kwa kawaida huanza na 64, Windows na 128, na vifaa vingi vya mtandao huanza na 255. Ukiona 57, huenda ilianza na 64 na imepita ruta 7. Namba hii imenisaidia mahali ambapo sikuitarajia. Ofisi moja printa ilikuwa inagoma kila mchana. Ping kwa anwani ya printa inajibu vizuri, ila asubuhi TTL ni 64 na mchana ni 128. Mchana alikuwa anaingia mtu na laptopu yake, na laptopu ile ilikuwa imepangiwa kwa mkono anwani ileile ya printa. Printa haikuwa na ubovu wowote.

Halafu kuna muda. Mwanga ndani ya kioo cha mkongo huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 100 za njia zinakugharimu milisekunde 1 kwenda na kurudi. Kutoka Chake Chake hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 180, yaani mwanga hauhitaji hata milisekunde 2. Ukipima ukapata 30, basi umbali hauna lawama; muda uliobaki umeliwa na redio ya mnara, na foleni ndani ya ruta, na njia isiyonyooka. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500. Huko milisekunde 75 ni deni la maumbile, na hakuna kampuni itakayokuuzia kifurushi kinacholipunguza. Ukikuta mashine unayojua iko Dar es Salaam inajibu kwa milisekunde 180, shuku kwamba pakiti zako zimekwenda Ulaya zikarudi, kwa sababu kampuni mbili hazikupeana pakiti hapa nyumbani. Ndiyo maana kituo cha kubadilishana mawasiliano kama TIX cha Dar es Salaam ni kitu cha thamani kwa nchi, hata kama wananchi wengi hawajawahi kukisikia.

Tahadhari moja tu: 8.8.8.8 haiko mahali pamoja. Zipo mashine nyingi duniani zenye anwani hiyo hiyo, na mtandao hukupeleka kwenye iliyo karibu kwa njia. Usiitumie kupima umbali wa Marekani.

Waliokuwa wanatumia intaneti Afrika Mashariki kabla ya mikongo ya chini ya bahari, Seacom kuwashwa Julai 2009 na EASSy kufuata 2010, wanakumbuka setilaiti. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka, na jumla ni zaidi ya kilomita 143,000. Karibu milisekunde 480 zimekwisha kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake. Mpaka leo nikiona 600 iliyotulia, isiyopanda wala kushuka, najua juu ya paa hilo kuna dishi.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Watu wakaanza kuwasha na kuzima ruta zao, wengine wakazirudisha kwenye hali ya kiwandani wakapoteza mipangilio yote. Niliwasihi wote niliozungumza nao wafanye kitu kimoja kwanza: ping kwa ruta, kisha kwa mashine iliyo Dar es Salaam, kisha kwa ya nje ya nchi. Ruta inajibu, Dar es Salaam inajibu kwa muda wake wa kila siku, nje ya nchi ama kimya ama mamia ya milisekunde na nusu ya pakiti hazirudi. Aliyeyaona hayo kwa macho yake aliiacha ruta yake salama akangoja.

Hali inayochosha kuliko zote ni mtandao unaokuja na kupotea. Nyumba moja ya wageni iliyo karibu na bahari walikuwa nao. Wageni wanalalamika, na kila fundi akija anakuta mambo mazuri, anaondoka. Nikaipigia ping antena ya juu ya paa kwa kutumia -t, nikaiacha iendelee huku tukizungumza. Inajibu 1, 1, 1, kisha 740, kisha kimya mara mbili, kisha 1 tena. Upepo ukivuma ndiyo inazidi. Pale nikakumbuka kisa ambacho Muuss mwenyewe alikiandika, cha mtu aliyeiunganisha ping na kompyuta ili itamke kwa sauti kila jibu linaporudi, akafungulia sauti mpaka mwisho, kisha akazunguka jengo zima akitikisa viungio vya waya kimoja kimoja mpaka sauti ilipokatika. Kompyuta yangu ni ya Linux, na ping ya Linux ina -a, inayolia kila jibu likija. Nikamwachia kijana wa mapokezi laptopu chini ya ngazi.

"Ikinyamaza niite," nikamwambia.

Nikapanda. Nikashika waya pale unapotokea ukutani, nikautikisa: inalia. Nikashika ulipofungwa kwenye boriti: inalia. Nikashika kichwa cha waya kinachoingia kwenye antena, nikakipinda kidogo tu, na kijana akapaza sauti kutoka chini, "Imenyamaza, kaka!" Nikakichomoa. Zile pini nane za shaba zimeota kutu ya kijani, mbili kati yake zimelika mpaka zimekuwa nyembamba. Hewa ya bahari inapita kila mahali, na aliyefunga mwanzo hakukikinga kile kichwa na chochote. Nikakata kipande, nikabana kichwa kipya, nikakizungushia tepu ya mpira, na waya nikauacha ushuke chini kidogo kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata njia mpaka ndani. Kazi ya kutengeneza ilikuwa fupi. Kilichokuwa kinakosekana muda wote ule ni kujua mahali.

Sasa lile sharti la 1989. Mashine nyingi leo hazijibu ping kwa makusudi. Sababu inaeleweka: mwishoni mwa 1996 ilibainika kwamba pakiti ya ping iliyopangwa ivuke kikomo cha baiti 65,535 inapounganishwa iliweza kuangusha mifumo mingi ya kompyuta. Waliosimamia mitandao wakaogopa, wakafunga. Mifumo ikarekebishwa, hofu ikabaki. Na faiawoli ya Windows, yaani programu ya ulinzi inayochuja pakiti zinazoingia, katika mipangilio mingi hairudishi jibu kwa ping ya kompyuta nyingine. Kwa hiyo kimya kisikupe hukumu. Kwetu ukipiga hodi mara tatu bila kuitikiwa unarudi zako, lakini hujathibitisha kwamba nyumba haina watu. Pengine bibi yumo, anasali. Ukiipigia ping kompyuta ya mwenzako chumba cha pili ikanyamaza, nenda ukaitazame kabla hujasema imekufa.

Wale wanaofunga ICMP yote kwenye seva za huduma za umma nawaomba wafikiri upya. Wakifunga, fundi aliye Mkoani hana njia ya kutofautisha kati ya seva iliyokufa na njia iliyokatika, na mwananchi ndiye anayerudishwa nyumbani. Zaidi ya hapo, ICMP haikubeba mwangwi peke yake. Ndani yake umo pia ujumbe unaoiambia mashine kwamba pakiti yake ni kubwa mno kwa njia iliyo mbele, ipunguze. Ukiuzuia huo, utaona ukurasa unaanza kufunguka, kichwa kinatokea, kisha unaganda hapo hapo, na hakuna mtu ofisini atakayejua kwa nini. Inatosha kuweka kikomo cha idadi ya ping kwa sekunde. Kufunga kila kitu ni kuwanyima wengine taa kwa kuogopa kiberiti kilichokwishalowa zamani.

Na ping yenyewe ina mpaka wake. Inakwambia mashine imefikika. Haikwambii kama huduma iliyo ndani ya mashine inafanya kazi. Seva inaweza kujibu ping kwa furaha huku programu ya malipo iliyo ndani yake imekufa tangu alfajiri. Hapo Windows ina amri nyingine kwenye PowerShell, Test-NetConnection, unaipa jina la seva na -Port 443, nayo itajaribu mlango wenyewe unaotumiwa na kurasa salama. Ping ikijibu na mlango ukikataa, mwite msimamizi wa seva, usimsumbue fundi wa waya.

Wapo wanaoogopa bando. Pakiti ya kawaida ya Linux, pamoja na vichwa vyake, ni baiti 84. Ukituma moja kila sekunde kwa saa nzima, kwenda na kurudi, hujafika megabaiti 1. Na ping kwa ruta yako haigusi bando hata kidogo, kwa sababu haitoki nje.

Kinachobaki ni kuandika. Ninapomaliza kazi mahali huwaachia karatasi ukutani yenye anwani nne: ya ruta, ya mashine ya kwanza ya kampuni baada ya ruta, ya mashine moja ya Dar es Salaam, na ya seva wanayoitegemea kwa kazi. Mbele ya kila moja naandika muda wake wa siku njema, kwa sababu milisekunde 40 peke yake haisemi kitu mpaka ujue jana ilikuwa 12. Siku mambo yakiharibika, karani anapima zote nne na kutuma kampuni ujumbe wa namna hii: "Saa 4:10 asubuhi. Ruta inajibu kwa milisekunde 1, hakuna upotevu. Mashine yenu ya kwanza inajibu kwa 38, kawaida ni 9, na pakiti 31 kati ya 100 zimepotea. Dar es Salaam haijibu. Umeme upo, ruta haijazimwa." Aliyepokea ujumbe huo hawezi kukujibu kwamba zima kisha uwashe. Atalazimika kutazama upande wake, kuanzia njia inayofika mashine yake ya kwanza hadi Dar es Salaam, na atakapopiga simu atakuuliza swali la pili badala ya lile la kwanza.